Simu ya mhudumu wa afya: namna ya kuitayarisha ikupumzishe baada ya zamu

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakunga, madaktari, watu wa maabara na dawa, na wahudumu wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba, Unguja na Pemba. Unahitaji simu ya Android ya kawaida yenye nafasi tupu ya GB 1 hivi, hedifoni, na bando dogo la mara moja.

Lisemwe mapema: hakuna programu itakayoleta muuguzi wa pili kwenye wadi ya usiku. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa 2019, linaueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa ni jambo linalozaliwa na kazi, wala haliuhesabu kuwa ni ugonjwa. Alama zake ni tatu: nguvu kukuishia, moyo kujitenga na kazi au kuikejeli, na kujiona hufanyi la maana. Mkuu wa kituo anayewagawia watu programu ya kupumua huku rosta iko vile vile anawaongezea kazi nyengine ya kufanya. Simu inafaa kwa mambo madogo: kuutuliza mwili baada ya zamu nzito, kuulinda usingizi, na kukuonesha mapema kwamba hali inashuka. Kwa hayo inafaa kweli, ikiwa imetayarishwa.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja tu

Kosa la kwanza ni kupakua programu tano usiku mmoja. Uchunguzi uliochapishwa 2019 uliangalia programu 93 za afya ya akili za Android, na ukaona kwamba kwa kawaida, siku 15 baada ya kuwekwa, waliokuwa wakiifungua programu hawafiki wanne katika kila mia. Watu hawaziachi kwa uvivu. Huziacha kwa sababu zimebeba kila kitu, na mtu aliyetoka leba saa mbili asubuhi hana akili ya kupekua menyu.

Jiulize kinachokusumbua zaidi wiki hii. Mwili haushuki, moyo unaenda mbio hata ukifika nyumbani? Unahitaji zoezi la pumzi. Usingizi wa mchana haukamatiki? Anza na mipangilio ya simu kabla ya programu yoyote. Picha ya mgonjwa aliyefariki inarudi? Kuna programu zake, lakini soma hatua ya 8 kwanza. Umepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili na zaidi? Hapo programu ni ya kujipima tu, tiba iko kwa watu.

Hatua ya 2: Tuliza WhatsApp kabla ya kuongeza chochote

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote, na ni bure. Programu inayogusa zaidi afya ya akili ya mhudumu wa afya hapa kwetu ni grupu la wadi. Lina rosta, picha za vidonda, tangazo la msiba, dua, vichekesho na "nani ana ufunguo wa kabati", vyote mahali pamoja, usiku na mchana. Aliye mapumziko anaisikia wadi nzima akiwa jikoni.

Fanya hivi kwa utaratibu:

Fungua grupu, gusa jina lake juu, nenda kwenye arifa, zima sauti, na uchague "daima". Hakuna atakayejua. Ujumbe utaingia, lakini simu haitalia.

Rudi kwenye orodha, bonyeza grupu kwa muda, kisha uliweke kwenye kumbukumbu ili litoke mbele ya macho. Utalifungua wewe unapotaka, halikufungui wewe.

Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe tiki zote za kupakua picha na video zenyewe. Hii inaokoa bando, inaokoa nafasi, na inakuepusha na picha ya kidonda kukutokea katikati ya picha za harusi, pengine simu ikiwa mkononi mwa mtoto.

Ukishanyamazisha, waambie wenzako namna ya kukupata, la sivyo siku ya dharura utalaumiwa. Ujumbe kama huu unatosha: "Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nikiwa nje ya zamu siangalii grupu. Jambo la haraka nipigieni, mara mbili mfululizo, nitapokea. Shukran." Hizo mara mbili zina sababu yake, itakuja kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 3: Ni programu gani

Sifa nne zitoshe kukata shauri: inafanya kazi bila mtandao, haitaki akaunti, ni ya bure kweli, na zoezi lake refu halizidi dakika kumi.

Kwa kumbukumbu za mambo mazito, PTSD Coach ya idara ya maveterani ya Marekani, iliyotoka mwaka 2011, ni ya bure na haidai akaunti. Idara hiyo hiyo ina Mindfulness Coach kwa utulivu na Insomnia Coach kwa usingizi. Kasoro yao kwetu ni lugha, kwani ni za Kiingereza, na kitufe cha msaada wa dharura kinapiga namba za Marekani kama 988, ambazo hapa hazikufikishi popote. Siku ya kwanza tu, ingiza namba za watu wako kwenye sehemu ya msaada: mtu mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini. Insomnia Coach nayo inamchukulia mtu kuwa analala usiku. Ukiwa kwenye mzunguko wa zamu za usiku tumia daftari lake la usingizi, lakini usifuate ushauri wa kupunguza saa za kitandani, maana utakwenda kuchoma sindano ukisinzia.

Medito ni ya bure na inaendeshwa na taasisi isiyo ya biashara. Insight Timer ina hazina kubwa ya sauti za bure, ila kusikiliza bila mtandao ni kwa wanaolipa. Headspace na Calm ni za kulipia, na majaribio yao ya bure hugeuka malipo yenyewe ukisahau kusitisha. Ukisikia kwamba Headspace ni bure kwa wahudumu wa afya, hiyo ilikuwa ofa ya wakati wa korona kwa wahudumu wa nchi nyengine, kama wafanyakazi wa NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, wala haikutuhusu.

Jengine ambalo wengi hawalisemi waziwazi: baadhi ya programu zina muziki, kengele au maneno yanayomfanya Muislamu asijisikie vizuri. Huna haja ya kubishana na nafsi yako saa sita za usiku. Chagua sauti isiyo na muziki, au fuata hatua ya 6.

Hatua ya 4: Siri yako na siri ya mgonjwa

Kabla ya kupakua, shuka kwenye ukurasa wa programu katika Duka la Google Play mpaka sehemu ya usalama wa data. Soma kama inashirikisha data kwa kampuni nyengine. Hili si la kubuni: Machi 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za afya za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo.

Ukishaiweka, ingia Mipangilio, Programu, jina lake, Ruhusa. Programu ya kupumua haihitaji Anwani, Mahali wala Kamera. Zikatae zote. Ikikataa kufunguka bila hizo, ifute.

Kama ina daftari la kuandika hisia, usiandike jina la mgonjwa, wala chochote cha kumtambulisha. Visiwani kumtambulisha mtu ni rahisi kuliko tunavyodhani. "Mama wa Kojani aliyepoteza mtoto Jumatatu" ni jina kamili kwa yeyote wa Pemba. Andika lililokupata wewe: "Leo mikono ilitetemeka, nilikula saa kumi."

Na simu ya kazi iwe ya kazi. Wahudumu wa jamii wanaotumia simu za mradi, kama zile za Jamii ni Afya, wasiweke humo daftari la moyo wao. Simu hiyo siku moja itarudishwa ofisini.

Hatua ya 5: Ijaribu simu ikiwa haina mtandao

Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, au usiku bando lako linapokuwa rahisi. Pakua na sauti mbili tu utakazotumia. Kisha washa Hali ya ndegeni, funga programu kabisa, ifungue tena na ucheze sauti mpaka mwisho. Ikigoma, haikufai kwa zamu ya Micheweni au Makunduchi mtandao unaposusa. Usitegemee video za YouTube: dakika kumi za picha ya wastani zinaweza kula MB 100, na tangazo la kelele litaingia pale pale ulipoanza kutulia.

Hatua ya 6: Rekodi yenu ya Kiswahili

Kwa kituo chochote chenye watu watatu na zaidi, hii ni bora kuliko programu nyingi za dukani. Mtafuteni mwenzenu mwenye sauti tulivu, kila wadi ina sista wa namna hiyo, asome maneno, kazi nyengine mgawane.

Tafuta chumba chenye nguo na mapazia, au gari lililoegeshwa na kuzimwa. Zima feni. Shika simu shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige maikrofoni moja kwa moja. Rekodi dakika moja, isikilize kwa hedifoni. Ukisikia ngurumo ya upepo, sogeza simu. Saa yenye mshale wa sekunde iwe mbele ya msomaji, kwa sababu kila anayesoma huenda mbio akifika katikati.

Maneno yawe machache:

"Kaa, upate pa kuegemea. Miguu yote miwili iguse chini. Macho waweza kuyaacha wazi. Legeza taya. Shusha mabega. Zamu imekwisha, aliyepokea amepokea. Vuta pumzi kwa pua: moja, mbili, tatu, nne. Itoe polepole kama unayepoza chai: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena."

Pumzi moja ni sekunde 10, kwa hiyo dakika ni pumzi 6, na dakika tano ni pumzi 30. Hesabuni kwa sauti mara kumi za mwanzo, halafu semeni "vuta" na "toa" tu. Mwishoni msiage kwa maneno mengi. Acheni sekunde 15 za kimya.

Mtu akihisi kizunguzungu au vidole na midomo kufa ganzi, anavuta pumzi kubwa mno na hewa ya kaboni imeshuka mwilini. Apunguze kina cha pumzi, aache kuhesabu, arudi kwenye kupumua kwake kwa kawaida. Mwenye pumu asilazimishe ile sita, atoe kwa nne.

Hifadhi kwa jina la wazi, "Pumzi dakika 5". Ikiwa katika kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde itachukua MB 2 na nusu hivi. Sasa jambo muhimu: itumeni kama faili, kwa Bluetooth au kiambatisho cha hati. Isiwe ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ukiwa ujumbe wa sauti, kila anayetaka kutulia atalazimika kufungua WhatsApp, na huko ujumbe 84 unamsubiri.

Hatua ya 7: Itie kwenye zamu yako

Zoezi lisilo na mahali pake halidumu. Lipachike kwenye jambo unalofanya tayari: baada ya kuvua sare, ukiwa umekaa kwenye daladala (hedifoni sikio moja), au ukishamaliza sala ukiwa bado kwenye msala. Wengi tayari wana programu ya adhana kwenye simu. Hiyo ndiyo kengele iliyo tayari, huhitaji nyengine. Ndani ya zamu usitafute dakika tano. Pumzi tatu wakati wa kunawa mikono zinatosha.

Kwa anayetoka usiku, kazi kubwa ni kulinda usingizi wa mchana. Ingia Mipangilio, tafuta "Usinisumbue", tengeneza ratiba. Ukilala saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, andika 09:00 hadi 15:00. Angalia hapo vizuri, kwani anayefuata saa ya Kiswahili huandika 03:00 hadi 09:00, simu ikanyamaza usiku akiwa kazini na ikalia mchana kutwa. Kwenye watu wanaoruhusiwa, weka nyota kwa wawili watatu tu: mume au mke, mzazi, anayelea watoto. Washa pia ruhusa ya anayepiga tena: akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Ndiyo sababu ya ule ujumbe wa hatua ya 2. Hakikisha kengele za kuamka zimeruhusiwa, ujaribu siku ya mapumziko kwanza.

Kahawa ya mwisho iwe saa sita hivi kabla ya kulala, maana nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano au sita baadaye. Kama wadi inaruhusu kujinyoosha kwa zamu, weka kengele ya dakika 20 hadi 30. Ukizidi hapo unaamka mzito, na dakika za mwanzo usipime dozi ya mtu. Mwezi wa Ramadhani usingizi hukatika vipande viwili kwa sababu ya futari na daku. Tengeneza ratiba mbili za Usinisumbue, usijaribu kubana vyote kwenye moja.

Hatua ya 8: Jipime kila wiki mbili, na ujue mpaka

Kipimo kifupi kinachofaa ni WHO-5, cha Shirika la Afya Duniani cha kupima hali ya moyo. Kina kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na siku kuwa na mambo yanayokuvutia. Kila moja inapewa 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4. Mfano 2, 1, 2, 1 na 3 ni 9, mara 4 ni 36 katika 100. Ikiwa 50 au chini, hali yako inahitaji kuangaliwa zaidi. Kushuka kwa alama 10 kati ya kipimo na kipimo ni mabadiliko ya kweli hata kama bado uko juu ya 50. Andika namba na tarehe kwenye programu ya madokezo, basi. Usijipime baada ya usiku mbaya. Chagua siku ya pili ya mapumziko.

Ukitumia PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la sonona, unaijua kazini: 10 na zaidi, nenda kwa mtaalamu. Na jibu lolote lisilo sifuri kwenye swali la 9, la kutaka kufa au kujidhuru, halisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo, usibaki peke yako na dawa za wadi.

Tunajua kinachowazuia wengi. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, bado watu hulitania, na mhudumu huogopa kukutana na mwenzake kwenye benchi la kusubiri. Omba kuonwa kwenye kituo kisicho chako, au umpigie mwenye kliniki mpange saa kabla ya watu kujaa. Aliyeko Wete anaweza kuonwa Chake Chake na wa Mkoani vivyo hivyo.

Baada ya kifo kibaya wadini, hasa cha mama au mtoto, usimkalishe mtu na programu wala kikao cha kumlazimisha asimulie yote. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Mpe maji, mpunguzie wagonjwa kwa saa chache, mpigie kesho yake. Akitaka kusema atasema.

Kwa mkuu wa wadi

Tenganisheni grupu mawili: moja la rosta na dharura, wanaoandika ni wasimamizi tu; jengine la salamu na vichekesho, anayetaka aingie. Rosta itoke siku 14 kabla, kama faili moja, si picha ya karatasi iliyokunjwa. Kuandikia watu wakiwa mapumziko kuhusu fomu ambayo haikujazwa kunangoja kesho.

Usimdai mfanyakazi akuoneshe namba zake za WHO-5. Ukitaka kujua wadi ikoje, weka boksi, watu watie vikaratasi vyenye namba bila jina, na kama waliotia hawafiki watano, usitangaze wastani, maana kila mtu atajua ni nani.

Mambo yanayoharibika

Kikumbusho hakilii. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel hufunga programu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Ingia Mipangilio, Betri, uiruhusu programu hiyo bila vizuizi. Ikiendelea, tumia kengele ya saa ya simu yenyewe, hiyo haifungwi.

Sauti inakatika skrini ikizima. Sababu ni ile ile, au unaicheza kutoka kwenye kivinjari. Icheze kutoka kwenye faili.

Umeme umekatika, feni imesita, chaji ni asilimia 20. Zima data, punguza mwanga, cheza faili. Sauti peke yake inakula chaji kidogo sana. Skrini ndiyo mlaji.

Umetumia wiki tatu na hakuna kilichobadilika. Badilisha tatizo ulilolichagua kwanza kabla ya kubadilisha programu. Mara nyingi aliyetafuta zoezi la utulivu alikuwa na deni la usingizi tu.

Simu inakwenda kwa fundi au kwa mdogo wako. Futa daftari ndani ya programu kwanza, kisha data ya programu kwenye Mipangilio, ndipo uiondoe. Ukiiondoa tu, nakala iliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google inaweza kurudi nayo siku utakayoiweka tena.